Somo la Tisa: Kuchagua Vitabu vya Picha vya Kuwasomea Watoto

Maneno ya somo hili. Kiongozi wa darasa ayaandike ubaoni kabla redio haijafunguliwa.

maktaba: nyumba au chumba cha kuwekea vitabu vya kusomwa na watu wote
mtunza maktaba: mtu aliyekabidhiwa vitabu hivyo
saa ya hadithi: wakati uliowekwa wa kuwasomea watoto wadogo hadithi
mchoraji: mtu anayechora picha
jalada: karatasi ngumu ya nje ya kitabu
kupiga chapa: kutoa kitabu kwa mashine

   Natumaini madarasa yote yamekwisha kukaa, kuanzia Bariadi mjini mpaka Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Kila mtu na awe na penseli yake na daftari lake.

Juma lililopita tulijifunza namna ya kuazima kitabu na namna ya kukirudisha. Leo twaendelea mbele kidogo. Twataka kujifunza namna ya kuchagua vitabu vya picha vya kuwasomea watoto wadogo, yaani watoto wa miaka mitatu hadi saba, katika saa ya hadithi.

Najua wengine wenu mwasema moyoni, "Sisi wenyewe ndio kwanza twajifunza kusoma. Tutawezaje kuchagua vitabu vya watoto? Kazi hiyo ni ya mwalimu." Tafadhali msikilizeni vema huyu mwalimu anayesema nanyi. Mimi nina stashahada ya chuo kikuu, na ni afisa elimu. Pamoja na hayo, kitabu kibaya kuliko vyote nilivyopata kuona katika saa ya hadithi nilikichagua mimi. Aliyenionyesha kosa langu ni bibi mmoja ambaye wakati huo alikuwa bado anajifunza silabi.

Nitawaeleza habari hiyo.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi katika mkoa huu. Nilikwenda katika kijiji kimoja kisicho mbali na mto Simiyu, nikachukua sanduku la vitabu vilivyotolewa zawadi kutoka nchi za mbali. Watoto kama ishirini walikaa juu ya mikeka chini ya mti. Watu wa darasa la watu wazima walikuja pia, wengine wakiwaleta wajukuu wao. Bibi huyo alikaa pembeni na mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka mitano hivi.

Nilichagua kitabu chenye jalada zuri linalong'aa. Sikukisoma kwanza nyumbani. Nilikifungua pale pale nikaanza kuwaeleza watoto kwa sauti ya kupendeza, kama nilivyofundishwa chuoni. Ukurasa wa tatu ulikuwa na picha kubwa ya kikongwe aliyepinda mgongo, macho yake mekundu, anakoroga chungu cha sumu. Kitabu kilisema huyo ni mchawi.

Kijana mdogo mmoja aliitazama picha. Kisha akageuka akamtazama yule bibi. Macho ya bibi yalikuwa mekundu. Kijana akasogea upande mwingine. Mtoto wa pili akasogea. Baada ya muda mfupi mkeka ulikuwa mtupu karibu na bibi, akabaki mjukuu wake tu, naye hakujua atazame wapi.

Bibi hakunigombeza. Alitengeneza kanga yake begani, akaniuliza pole pole, "Mjukuu wangu, kitabu chako kimeniona wapi mimi?"

Sikuwa na jibu. Nilikifunga kitabu.

Ndugu zangu, mnajua kwa nini maneno yale yalikuwa mazito. Mama zetu hupika kwa kuni, na mahali kuni zilipokwisha hupika kwa samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya pamba. Moshi wa miaka hamsini au sitini huyafanya macho yawe mekundu. Hiyo ni kazi ya jiko, si uchawi. Lakini kwa miaka mingi katika Mkoa wa Shinyanga, Mwanza, na hapa kwetu, vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na macho mekundu yalitajwa kuwa ushahidi. Nami, mtu wa elimu, nilikuwa nimewaletea watoto kitabu kinachowafundisha uongo ule ule, tena kwa rangi nzuri.

Mwisho wa habari hii nitawaambia baadaye. Kwanza tuchukue fundisho lake. Liandikeni katika madaftari yenu:

Picha hufundisha kabla ya maneno.

Mtoto wa miaka mitano hawezi kusoma neno lililoandikwa, lakini asoma picha upesi kuliko mimi nawe. Basi anayechagua kitabu cha picha achague kwanza kwa macho. Na macho kila mmoja wenu anayo.

Sasa tutapitia mambo sita ya kutazama.

Jambo la kwanza: picha zasema nini juu ya watu?

Fungua kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, kabla hujamwonyesha mtoto. Jiulize: nani hapa ni mwema, na nani mbaya? Mbaya amechorwaje? Je, amechorwa kama jirani yetu mzee? Je, amechorwa mlemavu, au kipofu, au mtu wa ngozi fulani?

Katika mikoa yetu ya Ziwa, hasa tangu mwaka 2007, ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina. Mtoto mwenye ualbino yumo katika madarasa yetu. Kitabu kinachomfanya kichekesho au kitu cha ajabu, kikatae. Lakini ukiona kitabu ambamo mtoto kama huyo acheza na wenzake, avaa kofia yake ya jua, na hadithi yaendelea bila kumshangaa, kichukue. Watoto watamzoea kitabuni kama wanavyopaswa kumzoea darasani.

Tazama pia kazi za wavulana na wasichana. Ikiwa kila ukurasa msichana abeba maji na mvulana asoma kitabu, picha imekwisha kufundisha jambo, hata kama maneno hayakulitaja.

Jambo la pili: je, picha zaeleza hadithi?

Hapa ipo njia rahisi. Funika maneno kwa mkono wako au kwa kipande cha karatasi. Fungua kurasa moja moja kwa kufuatana. Je, waweza kusema nini kilitokea kwanza, nini kikafuata, na mwisho ulikuwaje? Kama waweza, kitabu hicho ni kitabu cha picha hasa. Kama huwezi, maana yake picha ni mapambo tu. Mtoto atachoka, kwa kuwa hana la kufuata.

Njia hii yawafaa sana ninyi mnaojifunza. Anayejua kusoma vizuri huenda mbio kwenye maneno, akasahau kutazama picha. Ndivyo nilivyokosea mimi. Yeye asomaye pole pole hutazama picha kwa makini, kama mtoto anavyotazama.

Sasa kiongozi wa darasa atoe kitabu chochote cha picha kilichopo. Funikeni maneno. Watu wawili wajaribu kueleza hadithi kwa picha peke yake.

(Hapa redio ilinyamaza dakika tano, madarasa yafanye zoezi.)

Haya, turudi. Jambo la tatu: je, watoto wote wataona?

Kitabu kidogo ni kizuri kwa mtoto mmoja aliyekaa mapajani. Kwa watoto ishirini hakifai. Watakaoona ni watano wa mbele. Walio nyuma watafinyana na kusukumana, nawe utadhani ni watukutu. Kumbe hawaoni.

Simamisha kitabu juu ya meza, kiegemeze ukutani, kisha rudi nyuma hatua tano. Je, waona mnyama yule ni mbuzi au ni mbwa? Kama huoni, mtoto wa nyuma naye hataona. Kitabu hicho usikitupe. Kiweke kwa ajili ya mtoto mmoja na mama yake. Picha zenye mistari ya wazi na rangi zilizo mbalimbali huonekana vizuri. Picha iliyojaa vitu vidogo vidogo yafaa mapajani tu.

Jambo la nne: maneno ni mangapi, na ni ya lugha gani?

Kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, sentensi moja au mbili katika kila ukurasa zatosha. Kwa wale wa sita na saba, sentensi tatu au nne. Kitabu kizuri sana ni kile chenye sentensi inayorudi tena na tena, kwa kuwa watoto huishika na kuitikia pamoja, kama watu wanavyoitikia wimbo shambani. Yeye anayejifunza kusoma apata faida pia: sentensi inayorudi mara sita humzoeza macho yake.

Sasa lugha. Watoto wengi wa vijiji vyetu husema Kisukuma nyumbani. Siku ya kwanza shuleni mwalimu hufundisha Kiswahili. Mtoto aliyekuwa msemaji sana nyumbani hukaa kimya, na mwalimu mgeni aweza kudhani hana akili.

Nitoe mfano. Mtoto wetu ajua shimba. Mwalimu asema simba. Maneno haya ni ndugu, mtoto ataelewa. Lakini mtoto ajua mbiti, na mwalimu asema fisi. Mbiti na fisi hayafanani hata kidogo. Mtoto akisikia neno "fisi" peke yake, hana pa kulishika. Lakini mwonyeshe picha: yule mnyama mwenye madoa, mgongo umeshuka nyuma, ambaye husikia sauti yake usiku karibu na zizi. Mtoto asema, "Mbiti!" Nawe wamjibu, "Ndiyo, kwa Kiswahili ni fisi." Amekwisha kujifunza, tena bila kuonewa haya.

Basi chagua kitabu chenye picha za wazi na maneno machache, ili uweze kwanza kueleza kwa Kisukuma, kisha kusoma kwa Kiswahili. Usione vibaya kutumia lugha ya nyumbani katika saa ya hadithi. Ni daraja la kumvusha mtoto.

Nasi tumeona jambo hili likifanyika. Kati ya mwaka 2014 na 2020 mpango ulioitwa EQUIP-Tanzania, uliosaidiwa na Uingereza, ulifanya kazi katika mikoa kadhaa, na Simiyu ulikuwa mmoja wao. Katika mpango ule watoto ambao hawakupata darasa la awali waliandaliwa kwa shule kwa njia ya hadithi, na waliowaongoza walikuwa watu wa vijijini mwao, waliozoea lugha ya watoto wale.

Jambo la tano: kitabu ni kioo, au ni dirisha?

Mwaka 1990 mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Marekani, Bibi Rudine Sims Bishop, alieleza kwamba vitabu vya watoto vyaweza kuwa vioo na vyaweza kuwa madirisha. Katika kioo mtoto hujiona mwenyewe. Katika dirisha huona maisha ya wengine. Alisema hayo kwa kuwa watoto weusi wa nchi ile walikuwa wakipewa madirisha tu, hawajioni popote vitabuni.

Jambo hili latuhusu sana. Vitabu vingi vinavyofika kwetu kwa zawadi ni vya theluji, treni za chini ya ardhi, na matunda tusiyoyapanda. Vitabu hivyo si vibaya. Mtoto wa Bariadi ana haki ya kuijua dunia. Lakini akiona theluji juma hili, na theluji juma lijalo, atadhani kwamba vitabu ni mali ya watu wengine. Hataona kwamba nyumba yao, ng'ombe wao, baiskeli ya baba yake na michembe iliyoanikwa juu ya jabali ni vitu vinavyostahili kuandikwa.

Wazee wetu walifundishwa hivyo hivyo. Kuanzia mwaka 1968 kulikuwa na mpango wa kisomo uliokuwa na makao yake Mwanza, ukisaidiwa na UNESCO, kwa ajili ya mikoa ya Ziwa. Wakati huo sehemu zetu nyingi zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Mpango ule haukuwapa wakulima vitabu vya kitoto. Katika sehemu za pamba, watu walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyosema juu ya kilimo cha pamba, kwa sababu ndiyo kazi waliyoijua na ndiyo iliyowaletea fedha. Ikiwa mtu mzima hujifunza upesi kwa kitu anachokijua, je, mtoto si zaidi?

Basi katika saa ya hadithi chukua vitabu viwili. Cha kwanza kiwe kioo, cha pili kiwe dirisha. Mtoto aliyekwisha kujiona katika kioo hana hofu ya kuchungulia dirishani.

Jambo la sita: je, ni hadithi, au ni hotuba?

Vitabu vingine vya watoto ni maonyo matupu. Mtoto hakusikia la mama yake, akaanguka, akalia, kitabu kikamkemea, basi. Watoto husikiliza mara moja, wala hawaombi kurudiwa.

Hadithi nzuri ina mtu au mnyama anayetaka kitu, na kitu kinachomzuia, na njia anayotumia kushinda. Fundisho limo ndani yake kama mafuta yalivyomo ndani ya mbegu ya pamba. Mwache mtoto alikamue mwenyewe.

Yuko mchoraji wa hapa Tanzania, Bwana John Kilaka, achoraye kwa mtindo wa Tingatinga. Katika vitabu vyake wanyama husimama kwa miguu miwili, huvaa nguo za rangi, na hufanya kazi za kijijini kama watu. Kimoja cha vitabu vyake chahusu urafiki wa Panya na Tembo. Panya aweka akiba ya chakula chake kwa Tembo. Njaa ilipoingia, Tembo akakataa kumgawia. Panya akahama. Lakini Panya ndiye peke yake aliyejua kuwasha moto. Mnaona? Hakuna hotuba ndani yake, lakini kila mtoto mwenye rafiki ataielewa. Kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 2006 huko Kanada. Kwa hiyo watoto wa Kanada nao wamechungulia dirishani kwetu.

Hayo ndiyo mambo sita. Yapo na madogo ya kutazama kabla ya kukubali kitabu. Tazama mgongo wake: kilichoshonwa kwa uzi hudumu kuliko kilichobanwa kwa pini, maana pini hushika kutu na kurasa hutoka. Tazama karatasi: zisiwe nyepesi hata picha ya nyuma ionekane mbele. Jalada livalishe karatasi ya kaki au nailoni. Usiweke vitabu chini sakafuni. Mchwa wa kwetu husoma upesi kuliko sisi.

Sasa mwaniuliza, "Vitabu hivi twavipata wapi?"

Kwanza, ulizeni kwa mtunza maktaba. Nchi yetu ilipitisha sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere huko Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Tangu zamani shabaha ya kazi hiyo ilikuwa kuvifikisha vitabu mikoani.

Pili, ulizeni katika shule ya msingi iliyo karibu. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Kabla ya hapo vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa watoto vilikuwa haba. Mradi ule uliwasaidia waandishi, wachoraji na wapiga chapa wa hapa nchini, na vitabu vilivyotoka vikapelekwa mashuleni. Huenda baadhi yake vimo kabatini katika shule yenu, vimefungiwa visichafuke. Mwombeni mwalimu mkuu kwa heshima. Kitabu kilichofungiwa hakichafuki, lakini hakifundishi mtu.

Tatu, tengenezeni wenyewe. Msicheke, nasema kweli. Nani kati yenu asiyejua habari za Shing'weng'we, lile zimwi lililomeza watu wote na mifugo yote? Mwanamke mmoja mja mzito alibaki, akamzaa Masala Kulangwa, naye mtoto huyo alipokua akaliua zimwi na kuwatoa watu tumboni mwake wakiwa hai. Hadithi hii husimuliwa na wazee wa Kisukuma tangu kale. Ina shida, ina mtoto shujaa, na ina mwisho. Chukueni karatasi nane za manila. Mwenye mkono wa kuchora achore. Wengine waandike sentensi moja chini ya kila picha. Shoneni kwa uzi wa gunia. Hapo mmepata kitabu cha picha kikubwa kuliko vyote vilivyomo sandukuni, na waandishi wake ni ninyi.

Zamani, jioni, watu walikaa shikomeni, moto ukawaka, wazee wakasimulia. Siku hizi shikome nyingi zimezimika. Saa ya hadithi katika maktaba yaweza kuwa shikome mpya, yenye nafasi kwa wavulana na wasichana pamoja.

Sasa, nimalize habari ya bibi yangu.

Juma lililofuata nilirudi kijijini kwake. Nilikwenda kwanza nyumbani kwake, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Kisha nikamwomba anisaidie kuchagua. Akacheka, akasema, "Mimi nimefika silabi tu." Nikamwambia, "Bibi, leo nataka macho yako."

Tukatandaza vitabu vyote juu ya mkeka. Alivifungua kimoja kimoja, pole pole, kwa vidole vyake vya jembe. Hiki akakiweka kando, "Watu hawa wote wana hasira." Hiki akakiweka kando, "Sioni kitu hapa, rangi tupu." Akaacha vingi. Mwishowe akachukua kitabu chembamba cha Kiswahili, cha kuku na vifaranga wake. Mvua yaja, kifaranga mmoja amepotea, kuku anamtafuta. Basi, hiyo tu ndiyo hadithi. Jalada lake halikung'aa. Mimi nilikuwa nimekipita mara nyingi.

Watoto walipokuja, nilimpa bibi kiti. Alieleza ukurasa wa kwanza kwa Kisukuma. Akawauliza, "Kifaranga yuko wapi?" Yule mjukuu wake, ambaye juma lililopita hakusema neno, aliinuka akaenda akaweka kidole juu ya picha, nyuma ya kinu. "Yuko hapa!" Watoto wakasogea. Yule kijana wa juma lililopita alisogea pia, mpaka goti lake likagusa kanga ya bibi, ili aone vizuri.

Ndipo bibi akaweka kidole chake chini ya maneno. Akasoma kwa Kiswahili, silabi kwa silabi, mbele ya watu wote: "Ku-ku a-na-i-ta vi-fa-ra-nga wa-ke." Maneno manne. Watoto wakayaitikia. Alisoma ukurasa wa pili, na wa tatu, mpaka mwisho. Walipomaliza, watoto walisema, "Tena!"

Ndugu zangu, mtoto akisema "tena", mmechagua vizuri. Huo ndio mtihani wa mwisho, na mtoto ndiye anayesahihisha.

Kwa leo tumefika mwisho. Msiache kufanya kazi iliyo hapa chini. Juma lijalo tutajifunza namna ya kuandika daftari la maktaba. Kwa herini, na Mungu awalinde.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini watoto waliondoka karibu na bibi? Kosa lilikuwa la nani?
2. Ni njia gani ya kujua kama picha zaeleza hadithi?
3. Kitabu kisichoonekana kwa hatua tano kifanyiwe nini?
4. Tajeni kitu kimoja cha hapa kijijini ambacho hamjapata kukiona katika kitabu. Kingechorwaje?
5. Je, ni vema kueleza hadithi kwa Kisukuma kabla ya kuisoma kwa Kiswahili? Kwa nini?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanafunzi achague kitabu kimoja cha picha katika maktaba au shuleni. Asome maneno yake kwa sauti mara tatu akiwa peke yake. Kisha amsomee mtoto mmoja, wake au wa jirani. Aandike katika daftari mambo matatu: mtoto alionyesha nini kwa kidole, aliuliza nini, na je, alisema "tena"?